KIDONGE NA MAOMBI HAVIGOMBANI



Wengi mmeniuliza inboksi: Mchungaji, unaombea wagonjwa wanapona, mbona wewe bado unameza dawa? Leo nawajibu.

Ini langu linashambuliwa na kinga ya mwili wangu mwenyewe. Kinga ni askari wa kupigana na vijidudu. Kwangu askari wamegeuka, wanaipiga nyumba waliyopewa kuilinda. Kikulacho ki nguoni mwako. Na magonjwa ya namna hii hupenda kufuatana. Mimi nina pia tezi ya shingo iliyolegea, na mbalanga, haya mabaka meupe mnayoyaona nikiinua mikono madhabahuni.

Hauambukizi, nisalimieni bila hofu. Haukuletwa na mnazi, ingawa macho yalipogeuka manjano walikuwepo walionong'ona hivyo. Wala hakuna babu au nyanya aliyeniroga. Nalisema wazi kwa sababu hapa Kilifi wazee wetu wameuawa kwa tuhuma kama hizo.

Kila asubuhi nameza homoni ya tezi tumbo likiwa tupu. Nikishakula, nameza prednisoloni na azathioprini za kuwatuliza wale askari. Kila baada ya miezi michache napimwa damu. Kanisa likifunga, mimi nafunga simu na televisheni, lakini chai na mkate nakula, dawa inadai.

Mtumishi mmoja aliniambia nivitupe vidonge viwe ishara ya imani. Lakini daktari alishanieleza: prednisoloni ukiitumia muda mrefu kisha ukaiacha ghafla, mwili unaweza kuporomoka, maana umezoea kusaidiwa. Na ini linaweza kuwaka tena kimyakimya mpaka likajaa makovu.

Someni 2 Wafalme 20. Hezekia aliahidiwa kupona na miaka 15 zaidi, na bado Isaya aliagiza tini ziwekwe kwenye jipu. Ahadi na dawa vilifika pamoja. Someni pia 2 Timotheo 4:20. Paulo, ambaye leso zake ziliponya watu Efeso, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Hakumwambia kwamba imani yake ni haba.

Wapendwa, sisi ni watu wa Malindi. Mwaka 2023 tulitazama makaburi yakifukuliwa Shakahola, miili zaidi ya 400, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa, watoto kwa wakubwa. Walikuwa wamefundishwa hata kukwepa hospitali. Baada ya hapo, mchungaji wa pwani hii hana ruhusa ya kusema ovyo juu ya mwili wa mtu.

Kwa hiyo, wewe unayemeza dawa za sukari, presha, kifafa au ARV: usiziache kwa neno la mtu yeyote wa madhabahuni, hata likiwa langu. Ukiona umepona, nenda ukapimwe. Ushuhuda wa kweli hauogopi maabara.

Mimi bado naomba uponyaji kila siku. Mungu akinijalia, vipimo vitasema na daktari atapunguza dozi, nami nitawaambia hapa hapa. Siku hiyo ikichelewa, Jumapili saa nne tukutane ibadani kama kawaida.

Bwana awatunze, roho na mwili. Kama una mgonjwa nyumbani, andika jina lake la kwanza hapa chini, tuombe pamoja. Kisha mkumbushe dawa zake za jioni.

Amina.