Kila Buyoga Iko na Mama Yake

Yeyote aliyesafiri katika Haut-Katanga wakati wa mvua anawajua wamama hawa. Wanasimama kando ya barabara ya Likasi, ya Kasenga na ya Kasumbalesa, beseni chini, mkono juu, wakionyesha uyoga ili dereva asimame. Uyoga mwingine ni mdogo, wa rangi ya machungwa. Mwingine ni mweupe na mpana, hata mtoto anaweza kujikinga mvua nao. Tunanunua na kuendelea na safari. Ni mara chache tunauliza: huyu mama alifundishwa na nani?

Mwezi wa kwanza nilikwenda kuuliza. Sikwenda kwa mgeni. Nilikwenda kwa mama yangu mzazi, katika kijiji kimoja upande wa Kasenga. Nilimchukua binti yangu wa miaka 15, aliyezaliwa na kukulia Lubumbashi. Hakufurahi. Katika taksi-busi aliniambia: "Mama, buyoga iko ku soko. Juu ya nini tuende mu pori?" Sikumjibu. Mimi mwenyewe nilipokuwa na miaka yake nilisema vilevile.

Siku ya pili tulitoka jua likiwa bado chini. Mvua ilinyesha usiku kucha na majani yalikuwa yanadondosha maji. Mama alitangulia, kikwembe kimefungwa vizuri, kitunga kichwani. Macho yake sasa yameingia ukungu, lakini miguu inaijua njia. Binti yangu alianza kutafuta chini, huku na huku. Mama alicheka.

"Mujukulu, hapana kuangalia chini. Angalia juu kwanza. Kila buyoga iko na mama yake."

Alitaka kusema miti. Alimwonyesha muputu na mutondo, miti mikubwa ya pori letu, akamwambia chini ya mti gani kunatokea uyoga gani, na baada ya mvua ngapi. Uyoga wa machungwa, chitondo kwa Kibemba, unakaa na miti ile. Kabansa pia.

Wenye elimu ya mimea wanasema jambo lile lile kwa maneno yao. Chini ya udongo, uyoga una nyuzi nyembamba sana zinazoshikana na mizizi ya mti. Mti unaupa uyoga sukari. Uyoga unauletea mti maji na chumvi za udongo. Kwa sababu hiyo hakuna mtu anayepanda chitondo shambani kama mihogo. Ukikata mti, mtoto wake hatatokea tena.

Kuna mwingine ambao mama yake si mti. Tulifika kwenye kichuguu kimoja, kirefu kupita nyumba, kama vile tunavyoviona pande zote za Katanga. Ubavuni ulisimama chikolowa mmoja, mpana kama sinia. Huo unalimwa na mchwa. Ndani ya kichuguu mchwa wanatafuna miti na majani makavu, wanatengeneza bustani, na uyoga unaota humo. Mvua zikifika, unatoboa udongo na kutokea nje. Kofia yake inaweza kufika karibu mita 1. Wanasayansi waliupa jina lao mwaka 1980, Termitomyces titanicus. Wamama walikwisha kuupa jina zamani sana, na kuupika.

Binti yangu alianza kupendezwa. Alikimbia mbele, akarudi na uyoga mweupe mikono miwili, akaumwaga katika kitunga chetu, juu ya ule tuliokwisha kuokota. "Kambo, nimepata ndelema!"

Mama aliingiza mkono. Alitoa mmoja, akaupapasa chini ya kofia, akaufuata mpaka mguuni. Mguu ulikuwa umekatwa kwa kisu. Akanusa. Akatoa wa pili, na wa tatu. Halafu, bila kusema neno, alipindua kitunga chote, akamwaga kila kitu chini. Kazi ya saa tatu.

Mtoto alilia. Mimi pia niliumia, maana nilikwisha kuhesabu ni mboga ya siku ngapi. Mama aliketi juu ya gogo, akamshika mkono.

"Sikusema ile iko mubaya. Nasema siijue. Umekata muguu, nitaijua namna gani? Vipande vimechanganyika na bingine. Mujukulu, njala ya siku moja haiue mutu. Kama haujue jina yake, iache mu pori."

Wasomaji wapendwa, maneno hayo tuyaweke moyoni. Ndelema ni chakula kizuri, lakini ni wa jamaa moja na uyoga wenye sumu kali kuliko yote. Ndiyo maana mama anachimba na kutoa mguu mzima, ili aone kama chini kuna kifuko na juu kuna pete. Wengine wanasema: chemsha na kitunguu au weka feza ndani, vikigeuka vyeusi ni sumu. Ni uongo, na uongo huo unaua. Kuna sumu isiyotoka kwa kuchemsha, na inachelewa. Mtu anakula, anajisikia vizuri, halafu baada ya saa 6 mpaka 24 anaanza kutapika na kuharisha. Anaweza kupata nafuu kidogo huku ini lake linaharibika. Mtu akiugua baada ya kula uyoga, apelekwe hospitali mara moja, hata kama anasema amepona, na uyoga uliobaki upelekwe naye.

Tulianza upya. Safari hii mtoto alichimba polepole, akaweka kila kimoja katika mkono wa kambo yake na kungoja jina. Saa nane tulirudi na nusu ya kitunga.

Jioni mama alipika: alichemsha uyoga, akamwaga maji ya kwanza, akatia unga wa karanga na chumvi. Tulikula na bukari. Hapo alimsimulia mtoto jambo ambalo mimi nilikuwa sijamsimulia kamwe. Katika miaka ya 1990, kazi ya shaba ilipoanguka na mshahara ulipokuwa unakawia miezi, baba yetu alikaa mlangoni, kichwa katika mikono. Poso ya kampini haikuja tena. Mama aliingia porini na kitunga alichofundishwa kukijaza na mama yake. Aliuza, akakausha, akatulisha. Mimi nilimaliza masomo kwa uyoga huo, lakini nilipopata kazi niliona aibu kuutaja, nikauita chakula cha maskini.

Tuliporudi mjini tulikuta barabarani mifuko ya makala imepangwa kama ukuta. Binti yangu aliitazama muda mrefu. "Mama, ile iko muputu?" Nilimjibu kwamba pengine ndiyo. Na nyumbani tutapika uyoga na nini? Na makala. Sikuwa na jibu la haraka, wala siwezi kuwahukumu wanaoyachoma, maana nao wanalisha watoto. Lakini pori linarudi nyuma kila mwaka, kwa makala, kwa mashamba na kwa machimbo, na mama yangu sasa anatembea saa mbili kufika mahali ambapo zamani palikuwa nyuma ya nyumba.

Mwaka 2017 wataalamu walichapisha kitabu kizima juu ya uyoga wa kuliwa wa Haut-Katanga. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini kitabu hakimshiki mtoto mkono. Mtume Paulo, akimwandikia Timoteo, alikumbuka imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timoteo 1:5). Mimi nilikuwa karibu kuwa Eunike aliyenyamaza. Likizo ijayo binti yangu ameomba kurudi kwa kambo yake. Safari hii ni yeye aliyeomba.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Kambo au mama yako anajua kazi gani ambayo wewe hujajifunza? Utamwuliza lini?
2. Ni chakula gani cha wazee wetu tunachokionea aibu, na kwa nini?
3. Familia yetu inaweza kufanya nini ili kupunguza makala, au kuacha miti ichipuke tena?