Nilitumwa Tukuyu kumleta bibi

Najua nimepotea. Kuna walionitumia ujumbe wakidhani nimekamatwa na sapu naona aibu kuonekana. Hapana jamani, matokeo si mabaya (sapu ni moja tu, tuiache hiyo). Nilikuwa Tukuyu, wilayani Rungwe, karibu likizo nzima. Sasa nimerudi Mlimani na nina jambo kichwani ambalo nisipoliandika leo nitaingia nalo darasani.

Kwanza niseme ukweli. Mimi ni mtoto wa Dar. Nimezaliwa Dar, nimesoma Dar, na Kinyakyusa changu kinaishia kwenye salamu. Tukuyu kwangu ilikuwa mahali pa kwenda kuzika na kurudi keshokutwa. Safari hii ilikuwa tofauti kwa sababu nilitumwa kazi.

Iko hivi. Mwezi wa pili bibi yangu mzaa baba aliteleza kwenye njia ya kwenda chooni, akaumia nyonga. Anaishi peke yake tangu babu afariki. Mzee wangu huku Dar alikosa usingizi siku tatu. Yeye amejenga Goba, na toka siku ya ramani kile chumba cha nyuma kinaitwa "chumba cha mama". Kina marumaru, choo cha ndani, dirisha kubwa. Ni mwaka wa tatu sasa kimekaa kitupu. Likizo ilipoanza akaniita sebuleni: "Wewe ndiye anayekusikiliza. Nenda ukae naye, halafu urudi naye. Usirudi mikono mitupu." Akanipa nauli ya kwenda mtu mmoja na ya kurudi watu wawili. Mnaona mtego huo?

Basi bwana, nikapanda basi la alfajiri pale Mbezi. Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, mpaka Uyole usiku. Hapo unaiacha barabara ya Tunduma unakamata ile inayokwenda Kyela na mpaka wa Malawi. Kuanzia hapo ni baridi na ukungu. Mwezi wa saba Dar watu wanasema kuna baridi eti kwa sababu wamezima feni. Nendeni Tukuyu. Kule mvua kwa mwaka inapita milimita 2,000, na hata kiangazi kuna manyunyu ya kukufanya uoge kwa kujadiliana na nafsi yako. Kwa bibi ni kijijini, ng'ambo ya mashamba ya chai ya Katumba. Siku ukungu ukiondoka unauona mlima Rungwe wote, mita zinazokaribia 3,000, umekaa kama mtu mzima asiyetaka kusumbuliwa.

Wiki ya kwanza sikusema kitu. Nilikuwa nachunguza. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba bibi yangu, tuliyekuwa tunamwonea huruma eti anaishi peke yake, hayuko peke yake hata nusu saa. Alfajiri unasikia sauti kutoka kwenye migomba: "Ugonile!" Bibi anaitikia kutoka jikoni. Huyu kaleta maziwa, yule kaja kuomba jembe, mwingine amekaa tu. Nikauliza, huyu shida yake nini? Bibi akanishangaa. "Hana shida. Amekuja."

Kitu cha pili ni moshi. Siku moja nilimwambia bibi apumzike, chai nitatengeneza mimi. Kuwasha kuni zenye unyevu si mchezo, ikafika saa moja na nusu bado napuliza. Mara mama jirani huyo mlangoni, khanga begani, anahema. "Mama hajambo?" Kumbe kila asubuhi akifungua mlango wake anaangalia paa la jiko la bibi. Moshi ukichelewa, anakuja mwenyewe au anamtuma mtoto. Ndivyo bibi alivyookotwa siku ile ya mwezi wa pili. Alianguka kabla hajawasha moto, na kabla jua halijatoka vizuri vijana walikuwa wameshambeba kwenye machela kumpeleka hospitali.

Nikakaa nikafikiria kwetu Goba. Mwaka jana mzee wa nyumba ya mbele yetu alifariki. Tulijua tulipokuta turubai limefunga barabara na gari la Mzee halipiti. Nyumba ya mbele, wadau! Tukaulizana jina lake ili tukatoe pole. Mlinzi ndiye alitwambia.

Sasa mnanijua, siwezi kuona jambo nisilitafutie kitabu. Mwaka wa kwanza kwenye somo moja tulisomeshwa habari za Monica na Godfrey Wilson, mke na mume waliofanya utafiti Unyakyusa kuanzia 1934 hadi 1938. Godfrey alifariki 1944, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu juu ya vijiji vya marika. Wakati ule nilikariri nikajibu mtihani nikasahau. Likizo hii nikakisoma tena kwa makini, nikiwa nimekaa palepale panaposimuliwa.

Habari yenyewe ni hii. Zamani Wanyakyusa hawakupanga vijiji kwa ukoo kama wengi tunavyodhani. Vijana wa kiume wakifika miaka kama kumi walitoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni, rika moja pamoja. Chakula walikwenda kula kwa mama zao, leo kwa huyu kesho kwa yule, lakini kulala walilala kwao. Wakikua wanaoa palepale, na kijiji kinakuwa chao. Kwa hiyo jirani yako hakuwa ndugu yako. Alikuwa mwenzako uliyekua naye. Na kulikuwa na neno kubwa, ukwangala, yaani kukaa na wenzako mkala, mkanywa, mkapiga stori. Hiyo haikuhesabiwa uvivu. Ndiyo ilikuwa shule, mtu anajifunzia adabu na akili humo.

Nilipomsimulia bibi alicheka sana. "Wazungu walikuja mpaka huku kuandika habari za watu kukaa na kuongea?" Halafu akanyamaza. Akasema baba mkwe wake alikuwa akizitaja nyumba za wenzake wa rika moja moja, kama mtu anayehesabu mifugo yake.

Lakini msije mkadhani nawauzia pepo. Kitabu hichohicho kinaeleza walivyoamini kwamba ukiwa mchoyo au ukivunja desturi, manung'uniko ya majirani yanakupata mwilini, unaumwa homa ya baridi. Waliita pumzi ya watu. Na pumzi hiyo mimi niliionja. Siku moja nilishuka Tukuyu mjini, nikala chipsi kuku peke yangu. Jioni bibi ananiuliza, "Kuku alikuwa mtamu?" Hakuna siri kule. Pia bibi na jirani wa upande wa chini wana kesi ya mpaka, mstari mmoja wa migomba, toka enzi za babu, na bado haijaisha. Wakikutana wanasalimiana vizuri, lakini ule mstari kila mmoja anauangalia kwa jicho lake.

Nikiwa kule ndipo nilipoelewa pia habari moja ya mwaka 2025 ambayo mimi niliichukulia kama utani wa mitandaoni. Mnakumbuka mwezi wa tatu mwaka huo Malawi ilipopiga marufuku kuingiza baadhi ya mazao, ndizi zikiwemo, ikisema inalinda wakulima wake? Mwezi wa nne Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, akajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo ya Malawi na ya Afrika Kusini, ambayo nayo ilikuwa haipokei ndizi zetu. Siku chache baadaye Tanzania ikaondoa zuio lake ili kupisha mazungumzo. Sisi hapa chuo tulikuwa tunatumiana vichekesho na kubishana nani kamkomesha nani.

Kwa bibi haikuwa kichekesho. Ndizi ndiyo benki yake. Malawi migomba yao ilishambuliwa sana na ugonjwa wa virusi unaoidumaza, ndiyo maana wafanyabiashara walizoea kufuata ndizi huku Rungwe na kuzivusha Kasumulu. Na mkungu haujui siasa. Ukishakomaa umekomaa, ukikatwa hausubiri mawaziri wakae kikao. Bibi anasema wiki zile mnunuzi aliyezoea kuja na Fuso hakuja, na alipokuja alitaja nusu ya bei. Mikungu mingine iliivia mgombani. Walipika mbalaga mpaka watoto wakaomba ugali, zilizobaki wakapewa ng'ombe. Waliokuwa na marejesho ya kikundi cha kukopeshana walikaa chini ya mti wakakubaliana kusogezeana tarehe. Hakuna aliyenyang'anywa godoro.

Nikamuuliza, bibi, hukuwakasirikia Wamalawi? Akaniangalia kama mtoto. Dada yake aliolewa Karonga. Wangonde wa kule na Wanyakyusa wa huku wanasikilizana lugha, katikati ni mto Songwe tu. Akasema, "Mjukuu wangu, jirani mnagombana asubuhi, jioni unakwenda kumwomba moto. Utafanyaje sasa, utahama?"

Hapo ndipo nikaona nafasi yangu, nikasema lile lililonipeleka. Nikamweleza chumba cha Goba, marumaru, choo cha ndani, hospitali ziko karibu. Alisikiliza mpaka mwisho akimenya magimbi. Akauliza, "Huko mnapikia nini?" Nikajibu gesi, bibi. "Haina moshi?" Haina. Akaendelea kumenya. "Sasa nikianguka, nani atajua?"

Nikamwambia tutakuwepo. Akauliza baba yako anatoka nyumbani saa ngapi. Saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ya foleni. Mama yako? Saa kumi na mbili. Wewe? Niko chuo. Hakuuliza tena.

Ningeishia hapa ingekuwa stori nzuri ya bibi mwenye hekima, tukapiga makofi tukalala. Lakini usiku wa siku ileile nilimsikia analia. Polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mgeni. Nikaenda nikakaa kitandani kwake. Akaniambia mguu unauma kuliko anavyosema. Na kwamba anaogopa, kwa sababu yule mama anayeangalia moshi naye ni mzee. Vijana wake wawili wako Tunduma, mmoja Mbeya mjini kwenye bodaboda. Kwenye ule mstari wa nyumba za zamani, tatu zimefungwa kufuli. "Sisi wenyewe tunapungua," akasema. "Lakini nikihama mimi, yule atamwangalia nani, na nani atamwangalia yeye?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Kesho yake nilimpigia Mzee. Alikuwa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akafoka: "Nimekutuma kazi moja!" Nikamwacha amalize. Halafu nikamweleza kuhusu moshi, saa kumi na moja alfajiri, na mawe ya ile njia ya chooni. Safari hii alinyamaza kweli. Jioni akatuma hela. Tukamwaga zege kwenye njia, tukaweka bomba la kushikilia mpaka mlangoni. Binti mdogo wa jirani, yuko kidato cha pili, sasa analala kwa bibi, na Mzee amechukua michango yake ya shule. Mwezi wa kumi na mbili atakwenda mwenyewe wazungumze, mtu na mama yake. Bibi hajakataa moja kwa moja. Amesema atakuja Goba kutembea, si kuhamia. Nauli ya mtu wa pili nilimwachia mezani, akainunulia mbolea.

Kwa hiyo nimerudi mikono mitupu, kasoro mkungu mmoja wa ndizi na furushi la majani ya chai. Mzee alikuja kunipokea Mbezi, akauangalia mkungu, hakusema kitu. Tulipofika Goba akaukata katikati, nusu moja akaniambia nipeleke nyumba ya mbele, kwa yule mama mjane. Nikagonga geti. Alichungulia kwanza, kisha akafungua. Tukasalimiana, akaniambia jina lake, nikamwambia langu. Miaka mitatu tunatazamana mageti.

Chumba cha nyuma bado kitupu. Jana usiku nimempigia bibi kuuliza mguu, akasema mvua imeanza mapema na moto umekubali kuwaka. Hiyo nimeichukua kuwa habari njema.

Haya wadau, vipindi vinaanza Jumatatu na bumu bado. Wewe uliyefika hapa mwisho, jirani yako wa mlango wa pili hosteli anaitwa nani? Mimi wa kwangu nimekwenda kumuuliza leo. Tuonane darasani.