Kilemba cha mwalimu wa udereva: tumpe au tusimpe?

Wadau, leo siasa tuziweke kando kidogo. Kuna swali linanisumbua wiki ya pili sasa na nimeona nilitue hapa tulijadili. Mtu umelipa ada yote ya shule ya udereva, risiti unayo mfukoni. Je, yule mwalimu anayekaa kiti cha kushoto, mguu juu ya breki yake ya ziada, umpe chochote cha juu? Na kama unampa, umpe lini?

Mtu atasema hilo nalo ni swali? Mpe buku tano ya soda mambo yaishe. Mimi naona si jepesi kiasi hicho.

Kwanza tumtendee haki mwalimu mwenyewe. Mimi nimejifunzia kwenye Corolla ya zamani yenye bango la L juu ya paa, wanafunzi watatu tumebanana nyuma tukisubiri zamu. Siku ya kwanza unafundishwa klachi kwenye uwanja wa vumbi, gari linarukaruka kama sungura. Siku ya sita uko barabara kubwa: daladala linapiga honi nyuma, bodaboda inakukatiza kulia, nyingine kushoto, na mbele mama anavuka na ndoo. Wote mnaokoka kwa sababu ya mguu wa mtu mmoja. Niliwahi kumwangalia mwalimu wetu kwa saa nzima badala ya kuangalia barabara (nilikuwa nyuma, msiogope). Uso umetulia, anasimulia habari za mpira, lakini ule mguu hautui. Kazi hiyo anaifanya asubuhi mpaka jioni, na watu ambao hawajui gia ya pili iko wapi.

Wenzetu Marekani wana shule za kuendesha kwa mwendo wa mashindano. Bob Bondurant, aliyekuwa dereva wa mashindano, alifungua yake California mwaka 1968. Huko mwalimu anakaa pembeni mwa mtu aliyelipa fedha nyingi ili akate kona kwa kasi ambayo sisi tungeita wazimu. Na huko nako mtu anaweza kujiuliza kama amwachie mwalimu chochote siku ya mwisho. Lakini mwanafunzi wa aina hiyo kwa kawaida anakuja na leseni yake ya barabarani tayari. Akitoa, anatoa kwa kufurahi. Asipotoa, anarudi nyumbani akiendesha kama alivyokuja.

Tena Marekani bakshishi imeingia mpaka kwenye sheria ya mishahara. Kwa sheria ya taifa lao, mwajiri anaweza kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, wakati kima cha chini kwa wengine ni dola 7.25 tangu 2009. Pengo linatakiwa kuzibwa na bakshishi, na isipotosha mwajiri aongeze. Yapo majimbo yaliyoweka viwango vya juu zaidi. Kwa hiyo Mmarekani anapoacha noti mezani anamalizia mshahara ambao tajiri hakuulipa wote. Ukarimu wenyewe ni nusu ya hadithi.

Sasa turudi Dar. Kwetu mwalimu wa udereva ana kalamu. Yeye ndiye anayegawa dakika za usukani, na yeye ndiye anayesema fulani yuko tayari, fulani bado. Bila neno lake hupati cheti cha shule, na bila cheti huendi kujaribiwa na askari wa usalama barabarani, halafu TRA wakutolee leseni. Noti unayompa mtu mwenye kalamu si sawa na noti unayompa mtu aliyekubebea mzigo.

Niliona kwa macho yangu. Katika kundi letu kulikuwa na kaka mmoja, mtu wa biashara, kila asubuhi akifika anasalimia na kumshikisha mwalimu mkono wenye noti. "Ya maji, mwalimu." Kaka huyo alikuwa anakaa kwenye usukani nusu saa bila mtu kuangalia saa. Kulikuwa pia na dada mmoja anayeuza duka la mtu, ada aliikusanya kidogo kidogo na ruhusa ya kazini ilikuwa ya saa moja na nusu tu. Yeye alikuwa anapata dakika kumi, akizima gari mara mbili anaambiwa, "Haya dada, tumpishe mwenzako." Sijui kama mwalimu mwenyewe alikuwa anajijua anafanya hivyo. Nadhani hapana. Ndiyo ubaya wa noti ya asubuhi: haisemi kitu, inakaa tu mfukoni na kufanya kazi yake.

Dakika zile hazikutoka hewani. Zilitoka kwa yule dada. Na siku akiingia barabarani na mazoezi nusu, wa kugongwa anaweza kuwa mimi, au wewe unayesoma hapa.

Kiswahili chetu kinajua mambo haya kuliko sisi wenyewe. Hebu tazama majina tuliyonayo. Bakshishi, neno lenye asili ya Kiajemi. Takrima, la Kiarabu, yaani kumkirimu mgeni. Kisha asante, kifuta jasho, chai, ya maji, kitu kidogo. Halafu tunashuka bondeni: hongo, rushwa, mlungula. Chai iko pande zote mbili za mto, inategemea nani anaiomba na saa ngapi. Lakini kifuta jasho kinajieleza chenyewe: jasho lazima litoke kwanza. Huwezi kumfuta mtu jasho asubuhi kabla hajashika kazi.

Kama nchi tumeshaingia kwenye utelezi huu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima ya mgombea kwa wapiga kura, kwa hoja kwamba ukarimu ni mila yetu. Mliokuwepo mnakumbuka pilau, kanga na fulana. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 vifungu vile vikatupwa. Sababu mojawapo ni hii ya Corolla yetu: mwenye nacho anapewa nafasi ambayo asiye nacho hana. Hakuna aliyekataza watu kukirimiana. Kilichokataliwa ni ukarimu unaosubiri kulipwa kura.

Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, iliyotuletea TAKUKURU. Wengi tunadhani rushwa ni ya ofisi za serikali tu. Sheria ile inamgusa hata mwajiriwa wa kampuni binafsi anayepokea kitu ili aipindishe kazi ya tajiri wake. Tena haisemi kishawishi cha kabla peke yake, inataja na tuzo ya baada. Kwa hiyo wale wanaosema "ukitoa baada ya mtihani ni halali moja kwa moja" wapunguze mwendo. Kama mlikubaliana kwa macho tangu mwanzo, kuchelewesha noti hakuisafishi.

Haya, kisa chenyewe. Wiki ya mwisho kaka wa biashara alileta hoja: kila mmoja atoe elfu kumi, tumpe mwalimu Alhamisi, wakati Ijumaa ndiyo siku anayokaa na orodha ya wanaokwenda kupewa cheti. Watu wakaanza kuchomoa. Ilipofika kwangu nikasema sitoi Alhamisi. Kimya. Mmoja akacheka, "Mwandishi bwana, kwani nyie bahasha hamzijui?"

Ilinigusa pale pale, maana ana haki ya kuuliza. Waandishi tunazijua sana bahasha. Unaalikwa kwenye semina, unasaini karatasi mlangoni, mwisho unapewa "nauli", na nauli yenyewe ingekufikisha Morogoro na kurudi wakati wewe umetoka Mwenge. Maadili ya kazi yetu yanakataza kupokea kitu ili uandike au usiandike, kila mmoja anajua, na mishahara ya wengi wetu kila mmoja anaijua pia. Kwa sababu hiyo nilimjibu kuwa bahasha nazijua, na ninajua zinavyokaa mezani unapoanza kuandika habari. Unamwona yule mtu kila ukigusa sentensi inayomhusu.

Nikawaambia ninachotaka ni kilemba. Wenye umri mdogo huenda neno hili wanalijua kwa kichwani na harusini tu. Zamani kijana akiwekwa kwa fundi, akihitimu, anamtolea fundi wake kilemba, ndiyo ada ya kumshukuru. Ilikuwa inajulikana, inatolewa mwisho, mbele ya watu, na hakuna aliyeona haya. Fundi hakuhitaji kukunja ngumi kuficha noti.

Yule dada ndiye aliyeniunga mkono wa kwanza. Alisema, "Mimi elfu kumi sina Alhamisi wala Ijumaa, lakini na mimi nataka kumshukuru." Tukakubaliana wanne kati ya sita: tusubiri vyeti vitoke, kila mtu atie alichonacho kwenye bahasha moja, bila majina wala viwango, na tumkabidhi ofisini mbele ya mwenye shule. Kaka wa biashara na mwenzake walitoa Alhamisi yao, siwalaumu sana, waliogopa.

Kabla ya hapo nilimfuata mwalimu nikamweleza wazi, maana sikutaka asikie pembeni. Alinisikiliza akifuta kioo. "Mdogo wangu," akasema, "mimi hapa nalipwa kwa siku gari likitoka. Likilala gereji, na mimi nimelala. Hakuna anayeuliza nimefundisha watu au nimezunguka nao." Hakusema kama nimefanya vizuri au vibaya. Akaniuliza kama nimeshajua kupandisha kilima kwa hendibreki, nikasema bado, tukaenda kufanya.

Jibu hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tatizo lilianza kabla ya noti ya asubuhi, pale mwenye shule alipoamua kumlipa mwalimu kwa gari kutoka badala ya mtu kujua kuendesha. Kwa hiyo, pamoja na bahasha, nimeandika barua ya ukurasa mmoja kwa mwenye shule: mwalimu huyu ametufundisha hivi na hivi, mpangie mshahara, na wekeni daftari la dakika za usukani kila mwanafunzi asaini. Barua haijajibiwa mpaka leo.

Msimamo wangu basi ni huu. Mpe, anastahili. Mpe akishaweka kalamu chini, mpe mahali ambapo tajiri wake anaona, na kiwango chako kisimfanye mwenzako aonekane hana shukrani. Kama kuna sharti moja kati ya hayo huliwezi, mshike mkono mtupu umwambie asante. Nayo ni kilemba.

Ninyi mnasemaje? Hasa walimu wa udereva, kama mpo, naomba mnisahihishe.