Mwaka Kongo Ilipokalia Kiti cha Afrika

Septemba 1967 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Kinshasa, na kwa desturi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OUA, mwenyeji ndiye aliyekabidhiwa uenyekiti. Jenerali Mobutu akaupokea kutoka kwa Haile Selassie, akakaa nao hadi Septemba 1968, Rais Boumédiène wa Algeria alipoushika kule Algiers. Vitabu vingi vinaupitia mwaka huo kwa mstari mmoja. Sisi tuliokuwa Kasongo, mashariki mwa Kongo, hatuwezi kuupita hivyo, maana vita vilivyojadiliwa katika kikao kile vilikuwa mlangoni petu.

Nilikuwa kijana wa shule ya misheni. Jioni, wazee walipotoka msikitini baada ya sala ya alasiri, walikusanyika barazani kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na redio, nasi vijana tukisimama nyuma yao, kimya. Walisikiliza Kinshasa, kisha wakatafuta Dar es Salaam ili wapime habari kwa habari. Sarafu ya zaire ilikuwa na miezi mitatu tu, na sokoni watu walikuwa bado wanahesabu kwa franka, elfu moja kwa zaire moja.

Kabla ya hapo, OUA kwetu ilikuwa jina la watu waliokuja kutuamulia. Mwaka 1964 waasi wa Simba walitoka upande wa ziwa Tanganyika, wakapita Kabambare na Kasongo, na Julai wakaingia Kindu. Makarani na walimu waliuawa kwa sababu tu walijua kusoma na waliwahi kukaa ofisini. Serikali ya waziri mkuu Tshombe ikaajiri mamluki wa Kizungu, na Novemba msafara wao na wa jeshi ulitoka Kongolo, ukafuata reli kupitia Samba na Kibombo, ukaikomboa Kindu. Nao pia waliacha makaburi. Wakati huo Afrika iliunda tume ya kuishughulikia Kongo, mwenyekiti wake Mzee Kenyatta. Tulikuwa kama mgonjwa anayesikia ndugu wakishauriana juu yake bila yeye kuulizwa. Oktoba 1965 Rais Kasavubu aliahidi kule Accra kwamba mamluki wataondoka. Mwezi uliofuata Mobutu akampindua, na mamluki wakabaki.

Julai 5, 1967 mamluki walewale waligeuka. Jean Schramme, Mbelgiji aliyekuwa na shamba kubwa Yumbi, upande wa Punia, alishambulia Kisangani, na wenzake wakapiga Bukavu na Kindu. Kindu walishindwa, lakini Agosti Schramme akaingia Bukavu na kumpa Mobutu siku kumi za kukubali masharti yake. Hebu tazama ramani: Kindu iko kaskazini mwetu, Bukavu kaskazini-mashariki. Chumvi ilipotea sokoni, na akina mama walifunga mizigo wakaiweka nyuma ya mlango.

Ndipo viongozi wakaja Kinshasa, wakapokewa katika nyumba mpya zilizojengwa kwa ajili yao Ngaliema, Cité de l'OUA. Walitamka pamoja kwamba mamluki lazima waondoke Kongo. Barazani, mzee mmoja wa Kiungwana alilia machozi, na hakuona haya. Miaka mitatu nyuma nchi yetu ilikuwa kesi, sasa ilikuwa inaongoza kikao. Nilijisikia mrefu usiku ule, na mpaka leo siwezi kusema kwamba hisia ile ilikuwa ya uongo.

Baba mdogo, aliyekuwa amekimbia kutoka Kabambare, hakulia. Aliuliza, «Na aliyewaita ni nani?» Wakubwa wakamtazama, wala hakuna aliyemjibu, kwa kuwa kila mtu alijua: mamluki waliitwa na serikali, na serikali hiyohiyo, chini ya Mobutu, iliendelea kuwatunza baada ya Tshombe.

Kikao kile kilifanya mengine ya maana ambayo watu wa pwani wangependa kuyakumbuka. Kenya na Somalia zilianza kupatana palepale Kinshasa, kwa juhudi za Rais Kaunda wa Zambia, na Oktoba 28 zikatia saini Arusha. Kuhusu Nigeria, ambako vita vya Biafra vilikuwa vimeanza, ilichaguliwa kamati ya viongozi sita, Mobutu akiwa mmoja wao.

Novemba jeshi likairudisha Bukavu, na mamluki wakavuka mto Rusizi kuingia Rwanda. Mobutu alitaka warudishwe wahukumiwe, Rais Kayibanda wa Rwanda akakataa. Januari 1968 mwenyekiti wa Afrika akavunja uhusiano na jirani yake kwa ajili ya jambo hilo. Aprili mamluki wakapandishwa ndege za Msalaba Mwekundu kwenda Ulaya, na hakuna mahakama ya Kongo iliyowaona. Naona hapo ndipo kiti kile kilipoonyesha mpaka wake: kilitosha kuwaondoa watu wale, hakikutosha kuwaletea haki waliouawa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo redio haikulitaja. Desemba 1967, Kongo ikiwa mwenyekiti, Laurent Kabila alianzisha chama chake cha waasi, PRP, katika milima ya Fizi, jirani na Kabambare. Watu wa kule, waliokwisha kukimbia Simba na kukimbia jeshi, walibaki katikati. Wengine walikaa porini miaka, wakilima mihogo upande wa mto Luama bila kujua kwamba nchi yao inaongoza Afrika. Baba mdogo alirudi kuwatafuta ndugu zake na akapata baadhi tu. Vita vya 1996 vilipoanza, Kabila aliyeviongoza alikuwa ni yuleyule wa Fizi.

Februari 2021 zamu ilirudi. Félix Tshisekedi alipokea uenyekiti wa Umoja wa Afrika, naye akifanya kazi katika Cité ileile ya Ngaliema. Wajukuu walinipigia simu wakiwa na furaha, nami nikafurahi pamoja nao kwa moyo mweupe. Kisha nikawaambia wasikilize hotuba za mwaka mzima waone kama Kabambare itatajwa, maana mwaka ule kulikuwa bado na makundi yenye silaha huko Salamabila, penye dhahabu ya Namoya, na watu walikuwa wakilala porini tena.