Mchwa Katika Nyumba ya Mwalimu

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kutuona tukiandika juu ya ngeli, methali na ufundishaji wa insha. Safari hii tunawaomba radhi, kwani tunataka kuandika juu ya ukuta. Hata hivyo, ukuta wenyewe ni wa nyumba ya mwalimu wa Kiswahili, na kilicholiwa nyuma yake ni maneno. Kwa hiyo hatudhani kuwa tumetoka mbali sana na kazi yetu.

Tunakaa Ndera, wilaya ya Gasabo, upande wa mashariki wa Jiji la Kigali. Jina la Ndera linajulikana Rwanda nzima kwa sababu ya hospitali yake ya magonjwa ya akili, hata mtu akisema anatoka Ndera hutazamwa mara mbili na kutaniwa. Sisi wenyeji twapajua kwa mambo mengine pia: vilima vyake, udongo wake mwekundu, viwanda vya Masoro, na mchwa. Nyumba yetu tuliijenga mwaka 2011 kwa kadiri ya mshahara wa mwalimu: msingi wa mawe, kuta za rukarakara, yaani matofali mabichi yaliyokaushwa juani, lipu ya saruji juu yake, na paa la mabati lililobebwa na miti ya mikaratusi. Mkaratusi si mti wa asili wa nchi hii. Uliletwa na wageni zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ukaenea vilimani, na leo ndio unaotupa kuni, nguzo na kenchi. Hukua upesi, lakini ukikatwa ungali mchanga mchwa huula bila taabu.

Ilikuwa Novemba 2019, katikati ya mvua ambazo Wanyarwanda huziita umuhindo. Tulihitaji kamusi, tukaingia chumba cha akiba kulivuta boksi tulilokuwa tumeliegemeza ukutani tangu tuhamie. Boksi lilikuja jepesi. Ndani yake mlikuwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, chapa ya 1981, tuliyorithi kwa mwalimu wetu, pamoja na madaftari manne. Jalada la kamusi lilikuwa zima kabisa. Tulipolifungua tulikuta udongo uliojengwa vizuri, wenye vyumba na vijia, mahali palipokuwa na kurasa. Madaftari nayo yalibakia mapindo tu na pini za kati.

Kamusi hununuliwa nyingine. Madaftari yale hayanunuliki. Tangu mwaka 2008, kila tulipopata nafasi, tulikuwa tukienda Biryogo, katika mtaa wa Nyamirambo, kuketi na wazee waliozaliwa na kulelewa katika Kiswahili. Kiswahili kilifika Kigali pamoja na wafanya biashara, makarani na askari katika enzi za Wajerumani, mji wenyewe ulipoanza mwaka 1907, na wajukuu wao wamekihifadhi mpaka leo kwa namna yao. Tuliandika majina ya vipimo vya sokoni, ya mishono ya kanzu, ya vyakula vya arusi, na kando ya kila neno tukaweka jina la aliyelisema. Miaka kumi na moja ya kazi, ambayo hatukuinakili popote! Tulikuwa tukingoja likizo ndefu.

Yafaa tukiri kosa letu waziwazi. Zaidi ya mwaka mmoja kabla ya siku hiyo tuliona mstari mwembamba wa udongo ukipanda ukutani nyuma ya kabati, upana wake haukuzidi kalamu ya risasi. Tulidhani ni matope ya watoto. Tukaukwangua, tukapaka rangi. Uliporudi, tukapaka tena. Na katika miaka hiyo hiyo tulikuwa tukisimama mbele ya darasa tukieleza maana ya nje na maana ya ndani ya methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuwatoza alama wanafunzi walioieleza vibaya.

Mstari ule ndio njia ya mchwa. Mchwa mfanyakazi ana mwili laini usiostahimili jua wala upepo mkavu. Akitoka peupe hukauka na kufa. Kwa sababu hiyo haendi popote bila kuchukua unyevu na giza la nyumbani kwake, naye hujenga ushoroba wa udongo na mate kutoka ardhini mpaka kwenye chakula. Kisha hula mti kwa ndani na kuuacha ganda, ili aendelee kufichika. Anayeona boriti nzima kwa nje asijipe moyo; aigonge kwa bisibisi asikie kama inaitika kwa sauti ya debe tupu. Tulizigonga zetu. Mbili ziliitika hivyo, na moja ilikuwa juu ya kitanda cha watoto.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyejenga nyumba nyingi kilimani hapa, alikuja kutupa pole. Hakuangalia boksi wala boriti. Alizunguka nyumba kwa nje, akasimama penye bustani ya maua tuliyoipandisha ukutani kwa ajili ya uzuri, akasema: "Mwalimu, daraja hili umewajengea wewe mwenyewe." Udongo wa bustani ulikuwa umefunika mawe yote ya msingi na kugusa rukarakara. Msingi wa mawe una faida gani ukiufukia? Mchwa hapiti katika jiwe gumu. Hupita juu yake, naye akipita juu yake huonekana. Sisi tulimpa njia ya siri, tena tukaimwagilia maji kila jioni.

Baada ya hapo palizuka mjadala nyumbani. Muuzaji mmoja alituletea dawa ya maji katika chupa isiyo na jina wala maelezo, akatuapia kuwa ingemaliza mchwa kwa miaka ishirini. Mama watoto alitaka tuinunue, wala hatumlaumu, kwani ndiye aliyewalaza watoto chini ya boriti ile. Lakini dawa inayodumu miaka ishirini ardhini ndiyo inayotisha. Zamani watu walitumia aldrini na dieldrini kwa kazi hii hii, zikaonekana kuwa hazioziki upesi, bali huingia katika mafuta ya miili ya wanyama na ya watu; ndiyo maana zilitiwa katika orodha ya sumu zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Nasi tumejenga mteremkoni. Chini yetu bondeni iko chemchemi, na watoto wa jirani huchota hapo. Hatusemi dawa zote ni mbaya. Ziko zilizosajiliwa, zenye maelezo yake, ambazo fundi mwenye ujuzi huzitia katika mtaro kuuzunguka msingi. Ila chupa isiyo na jina hatukuikubali. Tulibishana siku tatu, mwisho tukapatana: boriti zibadilishwe kwanza kabla ya jambo lo lote, hata kama ni kwa kukopa, kisha tujaribu jembe kabla ya sumu.

Jembe lilituchukua Jumamosi tano. Tuliondoa bustani na kushusha udongo mpaka mawe ya msingi yakaonekana shubiri moja na nusu kuzunguka nyumba yote. Kuni zilizopangwa kwenye ukuta wa jiko zilihamishwa. Fremu ya mlango wa nyuma ilikuwa imezamishwa sakafuni hata kugusa ardhi. Tulipoipasua sakafu pale tulikuta vipande vya mbao ambavyo mafundi walivifukia katika kifusi wakati wa kujenga, navyo vimekuwa unga. Miguu ya fremu ilikatwa ikakalishwa juu ya jiwe. Maji ya paa, yaliyokuwa yakidondoka ukutani, tuliyawekea mfereji. Na tulipojenga jiko jipya tulilaza ukanda wa bati juu ya msingi kabla ya kuanza matofali, kingo zake zimekunjwa kuelekea chini. Bati hili haliui mchwa hata mmoja. Humlazimisha tu kulizunguka kwa nje, mahali penye macho ya watu.

Yule mzee alichimba pia kichuguu kilichokuwa pembeni ya kiwanja. Alifikia bustani za ukungu ambazo mchwa huzilima kwa ajili ya chakula, na chini zaidi chumba cha malkia, naye mnene kama kidole gumba, hawezi hata kujisogeza. Watoto walimtazama kwa heshima. Mzee alituonya tusishangilie mno, kwa kuwa si kila mchwa hujenga kichuguu, na huenda waliokula vitabu vyetu wanatoka shimo jingine kabisa.

Wenzetu wa pwani wana bahati ya miti. Nyumba kongwe za Unguja na Lamu zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo mchwa hazimpendezi, na milango mingi ilichongwa kwa mbao ngumu. Huku kwetu mvule ni mali ya tajiri.

Habari hizi ziliwafikia wanafunzi. Mmoja wao aliandika katika insha yake: "Michwa imekula vitabu vya mwalimu." Tuliishika kalamu nyekundu, tukasita. Kosa lake lina asili inayoeleweka: Kinyarwanda husema umuswa, na wingi wake imiswa, basi kijana amehamisha wingi wa lugha ya mama. Katika Kiswahili mchwa ni mchwa, awe mmoja au elfu, na vitendo huwa vya viumbe hai: mchwa amekula, mchwa wamekula. Tulisahihisha. Kisha tulitumia kipindi kizima kueleza kuwa kumbikumbi, wale wenye mabawa watokao mvua inyeshapo, ambao jirani zetu wa Uganda huwaita enswa na kuwala kwa furaha, si mdudu mwingine; ni mchwa hao hao wanaokwenda kuanzisha makao mapya. Darasa zima lilikataa, mpaka tulipowaleta katika kopo.

Biryogo tumerudi. Kati ya wazee tisa waliotupa maneno yao, wanne wamekwisha kufariki. Waliobaki wametupokea vema, mama mmoja alicheka, akasema, "Mwalimu, mbona haya nilishakuambia?" Akayasema upya, mengine kwa namna tofauti kidogo na tulivyokumbuka. Sasa tunaandika nakala mbili, moja ikikaa shuleni katika kabati la chuma.

Kila Jumamosi jioni tunazunguka nyumba na tochi. Aprili iliyopita tuliona mstari mpya juu ya jiwe la pembe ya mashariki, urefu wake vidole viwili. Tuliuvunja kwa kijiti. Asubuhi yake tulipokwenda kutazama, ulikuwa umekwisha kujengwa tena, udongo wake ungali mbichi.