Gari Limekwisha Lini?

Wenzangu wengi hupenda kuunda magari ya mbao wakati wa likizo, lakini wayamalizao ni wachache. Mimi na mdogo wangu tuliunda letu kwetu Bukundi, tukayavika magurudumu yake mipira ya tairi kuukuu. Kabla hatujaanza, baba alituuliza, "Litafanya kazi gani?" Tukamjibu: kubeba madumu mawili ya maji, kila moja lita 20, toka kisimani mpaka nyumbani.

Siku lilipofika bila kumwaga maji, mdogo wangu alitaka tulirudishe chini ya mti, tulitie taa, honi na rangi. Nilikataa, maana mama alikuwa angali akijitwika ndoo kichwani. Alininunia siku mbili.

Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilionyesha Kiira EV, gari la umeme la watu wawili. Lilikuwa la majaribio. Lilipokwenda, kazi yake ilitimia. Mawazo mapya yalitiwa katika kazi mpya, na mwaka 2016 likaonyeshwa basi la Kayoola.

Basi, gari limekwisha litimizapo kazi lililokusudiwa. Mapambo hayana mwisho. Honi tutaitia katika gari la pili, Mungu akipenda.