Kwa Mguu Hadi Rubondo

Mwezi huu zamu ya kuandika ni yangu, na wenzangu wa kikundi wamesema niandike juu ya kutembea, maana wanadai mimi ndiye ninayemaliza kandambili kuliko watu wote wa hapa. Sawa. Nitasimulia siku moja tu, ile ya Rubondo.

Kwa ambao hamjafika Nakivale, msifikirie mahema yaliyopangwa mstari na seng'enge kuzunguka. Hii ni kama nchi ndogo ndani ya wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Ina vilima, ziwa, mashamba na ng'ombe wale wenye pembe ndefu. Wakimbizi walianza kupokelewa hapa mwishoni mwa miaka ya 1950, na wa kwanza walikuwa Wanyarwanda. Imegawanywa sehemu tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, na kutoka moja kwenda nyingine si mchezo. Boda kwenda na kurudi ingekula karibu posho yote ya wiki. Kwa hiyo tukaenda kwa mguu, mimi na mwenzangu mmoja Mrundi. Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, na chupa mbili za maji na chapati moja moja.

Mimi najitolea kupeleka barua za Msalaba Mwekundu. Wengine wenu mnazijua, labda mmeshaandika. Ni karatasi ya kumwandikia ndugu mliyepotezana naye, wakati namba ya simu haipo au haipiti tena. Watu wananiuliza kila siku, "Siku hizi nani anaandika barua? Si kuna WhatsApp?" WhatsApp iko, lakini umtafute mtu ambaye simu yake ilichukuliwa njiani miaka mitano iliyopita. Barua hizi hazifungwi. Zinabeba habari za familia tu. Siasa hapana, mambo ya askari hapana, maana zinapita mikono mingi na mipaka mingi kabla ya kufika.

Siku hiyo tulikuwa na moja tu. Imetoka Kakuma, Kenya.

Njia ya asubuhi ni tamu, nisiseme uongo. Baridi kidogo, ukungu umelala kwenye mabonde, na baiskeli zinakupita zimebeba matoke hadi humwoni mtu anayesukuma. Kitu ninachokipenda zaidi ni salamu. Ukimkuta mwenyeji anachunga ng'ombe unasema "Agandi," naye anajibu "Ni marungi." Kwa Warundi ni "Amahoro." Kwa Wasomali unatoa salamu ya Kiislamu. Ukifika kwetu Wakongo ni "Jambo, habari ya siku mingi?" hata kama hamjawahi kuonana. Asubuhi moja, mguu mmoja, na ulimi umeshavuka mipaka minne.

Mwenzangu alikaa Nyarugusu, kule Kigoma, kabla ya kuja huku. Akaniambia kule huwezi kutoka nje ya kambi bila kibali. Hapa sheria ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea. Alisema mwezi wake wa kwanza Uganda alikuwa akifika mahali nyumba zinapoishia, anasimama, anageuka. Hakuna aliyemkataza. Miguu ilikuwa imezoea tu.

Saa nne jua likaanza kutuonyesha. Hapa kiangazi kikishika, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Tukapanda kilima kimoja, ukigeuka unaona ziwa kwa mbali linang'aa kama bati jipya, tukashuka, tukapanda kingine. Mahindi mengine yalikuwa yamekauka kabla ya kuzaa. Waliokuja zamani wana mashamba ya kutosha kidogo. Sisi tuliokuja nyuma tuna vipande ambavyo ukipanda maharage unafikiria kuku atasimama wapi. Na chakula cha msaada kilipopunguzwa, hivyo vipande ndivyo vimebaki sahani yetu.

Tulifika saa sita na nusu. Nyumba ya udongo, turubai juu, na koko amekaa mlangoni anachambua maharage. Tukamsalimia, tukajitambulisha, tukahakikisha jina lake, la mume wake marehemu na kijiji alichotoka, kama utaratibu unavyotaka. Alipoona karatasi alifuta mikono kwenye kitenge mara mbili, tatu.

"Mimi sijui kusoma, mwana. Soma wewe."

Nikasoma. Mtoto wake wa kwanza yuko mzima. Ameoa. Ana binti, na huyo binti amepewa jina la koko. Anafanya kazi ya kushona. Anauliza kama mama bado anaumwa goti.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akacheka pale pa goti. Halafu akanyamaza kidogo.

"Na mdogo yake?"

Nikageuza karatasi, ingawa nilijua nyuma hamna kitu. Barua haikumtaja huyo mdogo hata mahali pamoja. Nikamwambia hivyo hivyo, "Koko, hajamsema." Sikuongeza neno. Mafunzo yetu yanasema usimpe mtu tumaini lisilo lako, wala usimnyang'anye alilo nalo. Kwenye mafunzo maneno hayo ni mepesi. Mbele ya mtu aliyeshika maharage mkononi, ni mazito.

Tukaanza jibu. Yeye anasema, mimi naandika.

"Andika: ile nyumba yetu, ni jirani njo aliiunguza. Andika na jina yake."

"Koko, hiyo haiwezi kuingia kwenye barua hii."

"Sababu gani? Mimi nasema bongo?"

"Hapana, nakuamini. Lakini hii inasomwa na watu wengi njiani. Inaweza kumletea mtoto matatizo, au kuzuiliwa isifike."

Alinitazama kwa muda. Mwenzangu akaangalia chini. Naelewa kwa nini kanuni hiyo ipo, na bado naona ni kitu kigumu kumwambia mama aliyeunguziwa nyumba kwamba moto wake si habari za familia.

"Basi andika kama goti imepona," akasema. Haijapona, nilimwona alivyoinuka. "Andika kama nakula vizuri. Andika amtafute mdogo yake. Hiyo inaruhusiwa?"

"Hiyo inaruhusiwa, koko."

Nikaiandika kwa herufi kubwa. Tukajaza pia maombi ya kumtafuta huyo mdogo: jina, umri aliokuwa nao, mahali walipoachana, nguo aliyovaa. Rangi ya shati aliikumbuka bila kufikiri.

Hakukubali tuondoke mikono mitupu. Alitupa viazi vitamu vitatu vya kuchemsha, na nilipokataa akaniuliza, "Kwenu mulifundishwa kukatala chakula ya koko?" Tukavila njiani, saa kumi, kwenye kivuli cha mkaratusi. Aliniruhusu niandike haya mradi nisitaje jina lake.

Tulifika Base Camp saa mbili usiku, kandambili moja imeshonwa kwa waya. Jibu lake lilitoka kwenda Mbarara ile Ijumaa. Kutoka Kakuma bado hatujasikia. Kesho tuna barua mbili za Juru.